Jicho Baada ya Kisu

Mimi ni Afisa Elimu wenu. Mwenye daftari na alifungue, na aliyeketi mbali na redio na asogee. Wale watakaolisoma somo hili baadaye katika karatasi watalikuta kama nilivyolisema, pamoja na maneno yangu ya pembeni, maana sikutaka yafutwe.

Leo historia yetu si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jicho. Nimeichagua kwa sababu katika madarasa yetu ya Malinyi, Mtimbira na Itete nimewaona wazee wengi ambao hushika kitabu mbali, kisha karibu, kisha hukiweka chini na kusema, "Mwalimu, herufi zimejaa moshi." Wengine hujidhania kwamba wao ni wazito wa kujifunza. Mara nyingi si uzito. Ni mtoto wa jicho.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Nyuma ya lile doa jeusi la katikati ya jicho kuna kitu kidogo king'avu, kadiri ya punje moja ya hindi. Kitu hicho huitwa lenzi. Mwalimu wa kikundi na aandike neno hilo ubaoni: LENZI. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuutupa nyuma ya jicho, palipo na utando unaopokea picha. Sasa fikiri juu ya yai. Ute wa yai bichi ukiumimina katika bakuli, unaiona chini ya bakuli. Ukiupika, unakuwa mweupe, huoni kitu. Lenzi nayo, mtu akizeeka, hugeuka hivyo hivyo polepole, ingawa haikupikwa na moto. Hakuna majani, wala matone, wala vidonge viwezavyo kuurudisha ute uliopikwa kuwa mbichi. Dawa yake ni kisu tu.

Watu wakisimulia habari za kisu hicho, husimulia siku ile moja: mgonjwa aliingia kipofu, akatoka anaona. Mimi nataka niwasimulie zile siku zinazofuata. Nimezisoma habari hizi kwa muda, na nimeona kwamba tiba hii ilisonga mbele kila mara pale daktari alipobaki kulitazama jicho alilolipasua, na kuuliza kwa nini hili limepona na lile limeharibika.

Hapo kale waganga wa India waliandika kitabu kinachoitwa kwa jina la mganga Sushruta. Humo imeelezwa jinsi ya kuingiza sindano katika weupe wa jicho na kuisukuma lenzi iliyofifia hata ianguke chini, ndani ya jicho lenyewe. Lenzi haikutolewa. Iliondolewa njiani tu, kama mtu asukumaye gogo kando ya barabara. Mwanga ukapita, mgonjwa akaona vidole vya mganga. Waganga hao hawakuishia hapo. Waliagiza jicho linyunyiziwe maziwa ya mama, lifungwe kwa pamba yenye samli, na mgonjwa alale chali, asikohoe, asipige chafya, asiteme mate kwa nguvu. Tazameni, tangu zamani hizo walikwisha kujua kwamba hatari haimaliziki sindano inapotoka. Hayo maziwa ya mama yakumbukeni, tutayarudia.

Mnamo mwaka 1000 hivi, huko Misri, tabibu Ammar bin Ali, mtu wa Mosul, alitengeneza sindano yenye tundu ndani, akawa anafyonza lenzi iliyo laini badala ya kuisukuma. Ilikuwa akili kubwa, lakini haikuenea. Watu wengi waliendelea kusukuma kwa mamia ya miaka. Hata katika uchunguzi uliofanywa Nigeria kati ya mwaka 2005 na 2007, zaidi ya 40 kati ya kila macho 100 yaliyokuwa yametibiwa mtoto wa jicho yalikuwa yamesukumwa kwa njia hiyo ya kale, na mengi yalikuwa yamepofuka. Lenzi iliyoachwa ndani huweza kulivimbisha jicho, au maji ya jicho yakakosa pa kutokea, presha yake ikapanda na kuua mshipa wa kuonea. Na sindano chafu huingiza vijidudu.

Sasa nitawapa habari za mtu mmoja mbaya, na mwingine mwema.

Mbaya alikuwa Mwingereza, jina lake John Taylor. Alizunguka Ulaya kwa gari la farasi lililochorwa picha za macho, akijisifu mno. Mwaka 1750 alifika Leipzig, Ujerumani, akalipasua jicho la mzee Johann Sebastian Bach, mtunzi mashuhuri wa muziki wa kanisani. Siku chache baadaye ukungu ulirudi, Taylor akapasua tena. Kisha akaenda zake. Bach alibaki kipofu, mwenye maumivu, na tarehe 28 Julai mwaka huo huo akafa. Husimuliwa juu ya Taylor kwamba alikuwa akilifunga jicho na kuamuru lisifunguliwe kwa siku kadhaa, na bendeji ilipofunguliwa yeye alikwisha kufika mji mwingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kujifunza kitu. Aliona nyuso za furaha za siku ya kwanza tu.

Mwema alikuwa Mfaransa, Jacques Daviel. Yeye naye alianza kwa kusukuma, lakini alichoshwa na macho aliyoyaona yakiharibika baadaye. Mwaka 1747 alilifungua jicho kwa mbele akaitoa lenzi kabisa. Jambo hilo lilikuwa kubwa. Lakini la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi, ni kwamba alihesabu. Katika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1753 alisema amepasua mara 206, na mara 182 amefaulu. Andikeni hesabu hii: 206 toa 182. Jawabu ni 24. Hao 24 Daviel hakuwaficha.

Wakati huo kidonda hakikushonwa. Fikiri hali ya mgonjwa: jicho lina mlango uliofunguliwa, na mlango huo unasubiri kujifunga wenyewe. Basi alilazwa chali siku nyingi, macho yote mawili yamefungwa, na mifuko ya mchanga imewekwa huku na huku ya kichwa asigeuke. Wazee wengine walichanganyikiwa katika giza hilo, wakapiga kelele, wakararua bendeji, na jicho likamwagika ute wake. Mwaka 1865 daktari Henry Williams wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba amekishona kidonda cha jicho kwa uzi mwembamba. Miaka miwili baadaye, huko Uingereza, Joseph Lister alieleza jinsi dawa ya kuua vijidudu ilivyookoa vidonda visioze. Na mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna aligundua kwamba kokeini ikitiwa jichoni hulifisha ganzi. Kabla ya hapo mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu. Sasa alitulia, na jicho lililotulia halimwagiki.

Hata hivyo ilibaki shida moja, nayo naijua kwetu nyumbani.

Babu yangu alipasuliwa macho kabla mimi sijazaliwa. Alitolewa lenzi zote mbili, akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Wengi wenu mmewaona wazee wa namna hiyo. Kwa hesabu ya hospitali upasuaji wake ulifaulu, na ni kweli. Lakini jicho lisilo na lenzi haliwezi kukusanya mwanga, kwa hiyo kazi yote ilifanywa na ile miwani. Kila kitu kilionekana kikubwa kuliko kilivyo, na karibu kuliko kilipo. Babu akimimina chai, ilimwagika mezani. Nguzo za nyumba alisema zimepinda. Nilipokuwa na miaka sita nilikimbia ndani nikicheza, nikaikanyaga miwani ile juu ya mkeka. Babu hakunipiga. Alipapasa vipande akaviweka katika leso. Nyingine ilikawia kupatikana, na yeye akaishi kipofu kwa mavuno mawili ya mpunga, hali ndani ya macho yake hapakuwa tena na mtoto wa jicho.

Dawa ya shida hiyo ilikwisha kuanza zamani, lakini haikuwa imemfikia. Sikilizeni asili yake. Katika vita kuu ya pili, mwezi wa Agosti 1940, rubani wa Kiingereza aitwaye Gordon Cleaver alipigwa risasi angani, na kifuniko cha ndege, kilichokuwa cha plastiki ngumu kama kioo, kikapasuka na vipande vyake vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley aliwatazama marubani wa namna hiyo kwa miaka, akaona ajabu: vipande vile vikikaa ndani ya jicho, jicho halichukii. Kipande cha mti au cha chuma kingelivimbisha, lakini hiki kilikaa kimya. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitazama upasuaji alimwuliza mbona lenzi mbovu inatolewa na nyingine haitiwi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas mjini London, Ridley alimpasua mwanamke wa miaka 45 na kumtilia lenzi ya plastiki ile.

Je, alisifiwa? La. Mwaka 1951 alipowaonyesha wenzake wagonjwa wake huko Oxford, mkubwa wa elimu ya macho wa Uingereza, Stewart Duke-Elder, alikataa hata kuwatazama. Wapinzani walikuwa na hoja yao. Lenzi zile za kwanza zilikuwa nzito, nyingine ziliteleza ndani ya jicho, nyingine zilileta uvimbe au presha, na baadhi ilibidi zitolewe. Hata yule mwanamke wa kwanza, hesabu ya nguvu ya lenzi yake ilikosewa, akahitaji miwani. Lakini Ridley na waliomfuata walitazama kila lenzi iliyoshindwa, wakapunguza uzito, wakabadili umbo na mahali pa kuiweka. Ilichukua zaidi ya miaka 30 lenzi hiyo ikubaliwe kila mahali. Ridley alipokuwa mzee alitiwa lenzi hizo katika macho yake mwenyewe. Alipewa heshima ya Sir mwaka 2000, akafa mwaka 2001.

Kwetu Afrika Mashariki lenzi hiyo ilikuwa ghali mno. Mwaka 1992, huko Madurai, India, kiwanda cha Aurolab kilianza kutengeneza lenzi za bei nafuu, na ndipo hospitali za nchi kama yetu zilipoweza kuzinunua. Huku nyuma watu walikuwa wakiandaliwa. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na huko madaktari wasaidizi wamefundishwa kupasua macho, kisha wakarudi kufanya kazi mikoani. Mvumi, mkoa wa Dodoma, daktari Allen Foster alifanya kazi ya macho kutoka mwaka 1975 hadi 1985, baadaye akawa mwalimu wa madaktari wa macho wa nchi nyingi. Hospitali ya CCBRT ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Basi leo mzee wa Malinyi akipasuliwa, kwa kawaida hutiwa lenzi humo humo jichoni. Hakuna miwani minene ya mjukuu kukanyaga.

Tuje sasa kwenye siku zinazofuata, katika bonde letu wenyewe.

Bibi yangu mdogo, ndugu yake bibi mzaa mama, alipasuliwa jicho la kulia mwaka 2014, hospitali moja ng'ambo ya mto Kilombero. Kesho yake bendeji ilifunguliwa, akaona, akacheka, akarudishwa nyumbani na chupa ya matone. Siku ya tatu jicho likaanza kuuma. Sisi jamaa zake tukasema, "Ni kisu hicho, kisu lazima kiume." Siku ya nne likawa jekundu na kope zimevimba. Jirani akashauri maziwa ya mama, tukamtilia. Naam, maziwa yale yale ya kitabu cha India. Nami nilikuwepo, nimesoma, nina stashahada ya chuo kikuu, nikashika taa. Siku ya sita akasema hauoni mwanga wa taa hiyo. Ilikuwa masika, barabara ya Lupiro ina maji, na kivuko hakivushi usiku. Tulipofika hospitali ilikuwa siku ya nane. Daktari hakutugombeza. Alisema tu, "Mama, mngekuja siku ile ya tatu." Jicho lilijaa usaha, halikuokoka.

Nilirudi nikasoma. Nikajifunza kwamba ugonjwa huo wa usaha ndani ya jicho huwapata wachache sana, pengine mtu mmoja katika kila 1,000 mahali penye kazi safi, na kwamba mara nyingi vijidudu hutoka katika kope za mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana daktari hutia dawa ya iodini jichoni kabla ya kupasua. Faida yake ilionyeshwa wazi katika uchunguzi wa New York uliochapishwa mwaka 1991. Na mwaka 2007 madaktari wa Ulaya walitangaza kwamba dawa ya kuua vijidudu ikitiwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji, ugonjwa huo hupungua karibu mara tano. Ukitokea, tiba ni sindano ya dawa ndani ya jicho lenyewe, na tiba hiyo huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Sindano hiyo haipatikani jikoni, na mkunga wa kijiji hana.

Juu ya dawa za nyumbani sitaki kuwadharau wazee wetu. Lakini jicho lililopasuliwa lina kidonda kipya, na kila kimiminika kisicho safi ni mlango wa vijidudu. Mwaka 1994 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha mbele cha jicho katika hospitali moja ya katikati ya Tanzania. Karibu robo yao walikuwa wametiwa dawa za kienyeji.

Basi utajuaje maumivu ya kawaida na yale ya hatari? Jicho lililopasuliwa huwasha kidogo, hutoa machozi, na mtu huona kama lina mchanga. Hayo hupungua kila siku. Shika neno hilo, HUPUNGUA, mwalimu aliandike ubaoni. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, wekundu ukizidi, macho yaliyoanza kuona yakififia, au usaha ukitoka, nenda siku hiyo hiyo, hata kama karatasi yako imeandikwa urudi wiki ijayo. Maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa na kutapika huweza kuwa presha ya jicho. Ukiona mimweko ya mwanga kama radi, au pazia jeusi likishuka upande mmoja, huenda ule utando wa nyuma unabanduka, nalo ni jambo la haraka vile vile, hata kama haliumi kabisa.

Usilisugue jicho. Usilale upande wa jicho lililopasuliwa siku za kwanza. Usibebe mtungi wala kuni kichwani, wala kuinama shambani katika mpunga mpaka daktari akuruhusu. Hapa akina mama ndio hasa nasema nanyi, maana najua siku ya pili mtataka kushika jembe. Matone yatiwe na mtu aliyenawa mikono kwa sabuni, na mdomo wa chupa usiguse kope. Chupa ya mtu mmoja isiazimwe kwa mwingine.

Kuna ukungu mwingine unaokuja baada ya miezi au miaka. Watu husema, "Mtoto wa jicho amerudi," na huona wamedanganywa. Hawakudanganywa. Lenzi mpya huwekwa ndani ya kifuko kile kile kilichoshika lenzi ya zamani, na ngozi ya nyuma ya kifuko hicho huweza kufifia, kama kioo cha dirisha kilichoingia vumbi. Zamani ilibidi kuingiza kisu tena. Mnamo mwaka 1980 hivi, Franz Fankhauser huko Bern, Uswisi, na bibi daktari Danièle Aron-Rosa huko Paris walitumia mwanga wa leza kutoboa ngozi hiyo bila kulipasua jicho. Kazi huchukua dakika chache, mgonjwa ameketi kitini. Mashine hiyo haipo katika kila hospitali, lakini ukungu huu si wa kukimbizana nao usiku. Uliza wapi ipo, upange safari.

Bibi yangu mdogo alikataa kupasuliwa jicho la kushoto kwa miaka mitano. Hatukumlaumu. Mwaka 2018 daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa, na mwaka 2019 yeye mwenyewe akasema, "Haya, twendeni." Siku ya pili baada ya kisu jicho likaanza kuuma saa mbili za usiku. Tulikuwa tumekwisha kupanga nani ana pikipiki, nani atabaki na watoto, na fedha zilifungwa katika kanga yake. Usiku ule ule tukavuka. Ilikuwa presha ya jicho imepanda. Akapewa dawa, akalala wodini siku mbili.

Sasa yumo katika darasa la jioni, safu ya mbele, na hulalamika kwamba mwalimu anaandika herufi kubwa mno, kana kwamba anawaandikia vipofu.

Somo lijalo litakuwa juu ya barabara na mito ya bonde letu. Kwaherini.